Watoto wa Nyuma ya Jiko

Mwalimu Ou alisimama uwanjani na rejista mkononi, akaita majina moja moja, watoto wakaitika, akafunga rejista na kusema wametimia. Nyuma yake moshi mweusi ulikuwa unatoka kwenye ujia wa jikoni. Niliangalia mistari ya wale watoto, wameshikana mashati kama walivyofundishwa, nikamtafuta mwanangu Rukia, nikatafuta nywele nilizomsuka asubuhi ileile. Hakuwemo. Hakuwemo mtoto mweusi hata mmoja.

"Mwalimu, wa nyuma wako wapi?" nilimuuliza kwa Kichina.

Akafungua tena rejista. Naapa kwa Mungu aliifungua tena, akapitisha kidole juu mpaka chini. "Hapa wametimia," akasema. "Hao hawamo humu."

Ilikuwa saa nne asubuhi na nilikuwa nimempelekea Rukia dawa ya kikohozi. Mtoto asingekohoa siku ile, mimi ningekuwa sokoni nabishania bei za watu, na habari hii mngesimuliwa na mtu mwingine, kwa namna nyingine.

Chumba cha nyuma zamani kilikuwa stoo ya mchele. Mlango wake wa chuma, kufuli kwa nje, kwa sababu wazazi wa watoto wa mbele hawakutaka watoto wetu watoketoke wakati wa chakula. Ufunguo alikuwa nao mpishi, na mpishi alikuwa ameshakimbilia barabarani na aproni yake. Kwenye ujia uleule walimu walikuwa wanachajia pikipiki zao za umeme, na betri moja ndiyo ililipuka. Nikajifunga mtandio puani nikapita ukutaukuta. Nikaugonga ule mlango. Ndani kimya. Kelele ningeivumilia. Kile kimya ndicho kinachoniamsha mpaka leo.

Muuza tambi wa jirani, Mchina mmoja mfupi ambaye hatujawahi hata kusalimiana, alikuja na nondo akavunja kufuli. Watoto walikuwa tisa, wamelala chini pembeni, midomo kwenye ufa wa sakafu. Tulikuwa tunawavuta mkono, mguu, nguo, chochote. Nilihesabu kwa kugusa vichwa, nikafika nane, Rukia akiwemo, nikarudi ndani. Wa tisa alikuwa Kelvin, wa miaka minne, mtoto wa Otieno, mzazi mwenzangu. Nilimbeba kama nguo iliyoloa. Alifumbua macho barabarani, akaniomba maji.

Wote wazima. Lakini ule moshi wa betri ulichoma koo langu, na daktari akaniambia sauti haitarudi ilivyokuwa. Sasa nikiongea ni kama mtu anakwangua ukoko wa wali. Na kazi yangu ilikuwa sauti. Basi nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na minane, na yaliyobaki nayaandika, kwa elimu yangu ya darasa la saba. Nawaandikia nyinyi vijana mnaosimama leo pale mtaa wa Dengfeng mnasubiri wateja wa kutafsiriwa. Mkiona makosa ya kuandika, yaacheni. Nina makosa makubwa zaidi ya kuwaonyesha.

Mimi nimetafsiri sokoni zaidi ya miaka kumi na mitano. Sikusomea. Nilikuja Guangzhou kumfuata mume, mume akaondoka, mimi nikabaki na lugha niliyookota kwenye ngazi za maduka. Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuhura, Mpemba, mwanamke aliyekuwa anajua kila laoban wa soko la nguo la Shahe, yaani kila mwenye duka, na kila mama yake laoban. Siku ya kwanza aliniweka nyuma yake akaniambia, "Sikiliza, usiseme. Mkalimani ni chujio. Chai ipite, majani yabaki."

Alimaanisha matusi. Mteja na mwenye duka watatukanana, hiyo ni kama salamu yao. Kazi yako ni biashara ifike mwisho. Simama ubavuni kwa mteja, usisimame katikati, ukisimama katikati wote wawili watakuona adui. Mwenye duka akisema atafikiria, mwambie mteja avae viatu muondoke, hapo hakuna kitu. Bei ya kwanza usiitafsiri na uso, itafsiri na mdomo tu. Nilijifunza yote na nikawa hodari, nasema bila aibu.

Kulikuwa na mteja wangu wa Kariakoo, Chande, mdomo wake haujui breki. Siku moja Shahe akashika suruali, akaigeuza, akasema, "Mwambie hii jinzi hata punda ukimvisha atagoma."

Nikamwambia mwenye duka: "Anasema kitambaa kizuri, ila angependa kizito kidogo."

Mwenye duka hakuinua hata kichwa. "Huyu mweusi mchafu ana hela au amekuja kunipotezea muda?"

Nikamwambia Chande: "Anasema karibu sana, anauliza kama utachukua mzigo mkubwa."

Wakapeana mikono. Walifanya biashara miaka na miaka. Mwaka Mpya wao ukifika, yule Mchina anampa Chande boksi la machungwa, na Chande ananiambia, "Unaona, Mama Rukia? Hawa wa kwangu wananipenda." Nilikuwa naenda kuchekea chooni. Bi Zuhura tulicheka naye mpaka machozi. Siku hizi nikikumbuka sicheki. Nawaza ni mangapi aliyoambiwa Chande usoni kwake, na mimi nikayameza kwa niaba yake bila kumuuliza kama anataka nimmezee.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la masweta. Mama mmoja wa Morogoro, muuza sare za shule, alitaka kijani kilichokolea kama sampuli aliyobeba. Mwenye kiwanda akaangalia ile sampuli akasema, "Chabuduo." Ni neno lao, maana yake karibu sawa, haipishani sana. Mimi nikamwambia mama, "Amesema sawa." Mzigo ukafika Morogoro. Akanipigia simu, sijui analia au anacheka: "Dada, umenivalishia shule nzima kasuku!"

Bi Zuhura alinifokea mbele za watu. "Chabuduo siyo sawa! Chabuduo ni mtu anakwambia siyo, kwa adabu. Ukilisikia, simamisha kila kitu." Nikaitikia ndiyo bibi, nimeelewa. Masweta niliyaelewa. Sikujua kwamba nitalisikia tena pale ambapo mzigo wenyewe ni mwanangu.

Sasa nije kwenye hiyo shule. Shule za serikali zilitaka karatasi ambazo wengi wetu hatuna. Shule za kimataifa ni za watoto wa ubalozi. Kilichobaki ni chekechea za watu binafsi ndani ya vichochoro vya Sanyuanli, na yetu ilikuwa ya Bwana Peng, mwenye majengo, na mwalimu mkuu ndiye huyo Ou. Nawataja kwa majina yao. Mwaka wa kwanza watoto walikaa pamoja. Rukia alikuwa na rafiki yake wa Kichina, mchana wanalala mkeka mmoja, akirudi nyumbani ananiimbia nyimbo zao mpaka nachoka.

Mwaka wa pili akaja Hamadi Mrisho. Huyu ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya hapa, mwenzetu, wa Dar es Salaam, tuliyempa sisi wenyewe uenyekiti. Ukihitaji barua ya mwaliko ya viza, njia inapita mkononi kwake. Alituambia shule ina mpango mpya, tuje wazazi wote, na mimi nije nitafsiri.

Tukakaa ofisini kwa Ou kwenye vile viti vya watoto, magoti yanagusa kidevu. Bwana Peng alisimama dirishani anavuta sigara. Ou akaongea. Nayaandika hapa kama alivyoyasema, kwa mara ya kwanza: "Wazazi wa Kichina hawataki watoto wao walale chumba kimoja na weusi. Wanasema wananuka na wana magonjwa. Tutawaweka wenu nyuma. Chumba ni chabuduo. Asiyetaka aondoke leo."

Nikamtazama Hamadi. Hamadi anakijua Kichina kuliko mimi, ana mke wa Kichina. Alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Anasemaje?" akauliza Otieno, Mkenya, muuza vipuri vya simu.

Nikafanya kazi yangu. Nikachuja. Nikasema, "Anasema wameanzisha darasa maalumu la watoto wa kigeni, la kuwaandaa kwa lugha. Chumba kingine, lakini ni sawa na hiki."

"Ah, hiyo ni poa," Otieno akasema. Wazazi wakaanza kushukuru. Kuna mama alipiga na vigelegele.

Hamadi akatoa karatasi ya Kichina. Sisi tunaongea, kusoma hatujui. Mimi najua herufi za bei na za saizi, basi. Huku watu hawaamini sahihi peke yake, wanataka na dole gumba kwenye wino mwekundu. Tukapanga foleni, tukabonyeza. Hamadi akaniambia kwa sauti ya chini, "Na wewe bonyeza, Mama Rukia, kama shahidi." Nikabonyeza. Ule wino hautoki kwa sabuni siku mbili.

Mtaniuliza kwa nini. Viza yangu ilikuwa imebaki miezi miwili. Nilijiambia nikisema ukweli watagombana, wakigombana wataitwa polisi, polisi wakija wataanza na karatasi zetu. Mtu mwenye hofu ana hesabu zake, na zote zinatoka vizuri. Mtoto wa Hamadi, Faisal, ambaye rangi kachukua kwa mama, alibaki chumba cha mbele. Tuliliona hilo wote. Hakuna aliyelisema.

Nyinyi vijana mnapenda kulalamika kwamba simu zimewaharibia kazi. Ni kweli, simu haina adabu. Nimeona mteja na mwenye duka wanashikana mashati kwa sababu simu imetafsiri kila kitu kama kilivyo. Lakini simu haiogopi kunyimwa viza.

Otieno alinunua simu mpya. Siku moja akaenda shuleni bila mimi, akaielekeza kwa Ou, akauliza kwa nini Kelvin anarudi nyumbani na vipele vya mbu. Kisha akaja moja kwa moja kwangu, nipo dukani kwa watu, ananyoosha ile simu kama mtu anaonyesha nyoka.

"Mama Rukia, soma hapa. Ati stoo. Ati weusi wakae mbali na wengine, na sisi wenyewe tulikubali. Hii ndiyo simu imeniambia. Wewe uliniambia lugha. Sasa nishow, nani mwongo hapa, ni simu ama ni wewe?"

Watu wamejaa dukani. Nikasema, "Ni mimi."

Hakunitukana. Angenitukana ningepona haraka. Alisema tu, "Na wako pia yumo mle ndani," akaondoka.

Ndiye Otieno aliyemleta Tumaini. Binti wa Mbeya, yuko hapa kwa ufadhili, anasomea sheria chuo kikuu, mwimbaji wa kwaya, miwani mikubwa kuliko uso. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamchukua mpaka nje ya ukuta wa shule. Ukuta ule una maandishi makubwa mekundu niliyopita mbele yake kila siku kwa miaka miwili. Tumaini akayafuata kwa kidole. "Hapa wameandika usawa, mama. Hapa haki. Hapa utawala wa sheria." Nilidhani ni tangazo la dawa ya meno.

Tukakaa kwangu, Otieno akiwepo, bado hanitazami. Tumaini akafungua katiba ya nchi hii kwenye kompyuta yake.

"Kuna kifungu cha haki ya kusoma," akasema. "Lakini kinasema raia. Sisi si raia."

"Basi tumekwisha," nikasema.

"Hatujakwisha, mama. Kingine kinasema haki halali za wageni waliomo nchini zinalindwa. Hapo wataniuliza, haki halali ni zipi? Nitawajibu, mwenye shule amepewa leseni ya kulea watoto, hakupewa ya kuwachambua kama mchele. Tunaanzia hapo."

Akatusimulia kwamba kuna nchi majaji walisema zamani, watenganisheni watoto weusi na weupe, ila vyumba viwe sawa. Watu wakapigana mahakamani miaka mingi mpaka wakaja majaji wengine wakasema, ukishamtenga mtoto umeshamwambia yeye ni nani, hata kama chumba umekipaka dhahabu, na hapo hakuna usawa tena.

"Chabuduo," nikasema. Otieno akanitazama kwa mara ya kwanza.

Nikamkumbuka baba yangu. Yeye kakulia Tanga wakati wa mkoloni, shule za Wazungu kwake, za Wahindi kwake, za Waafrika kwake. Alikuwa anatusimulia anacheka, kwamba mpira wao ukidondoka upande wa shule ya Wazungu ndiyo basi, umeukabidhi kwa Malkia. Alicheka kwa sababu aliamini jambo hilo limezikwa. Na mimi binti yake nimelifukua kwa mdomo wangu na dole langu.

Tumaini akaandika malalamiko ukurasa mmoja, Kichina safi. Ikakubaliwa nitayapeleka mimi ofisi ya elimu ya wilaya, Alhamisi, kwa sababu ni mimi niliyesikia maneno ya Ou na ni mimi wa kuyasema upya. Nikayaweka kwenye mkoba.

Jumatano jioni Hamadi akaja kwangu. Alikataa chai. Alikaa, akaangalia picha ya Rukia ukutani, akasema, "Mtoto kakua, mashaallah." Kisha akaniuliza, "Viza yako inakwisha lini vile?"

Nikauvuta mkoba karibu yangu.

"Dada yangu, mimi siko kinyume na nyinyi. Lakini mkiwasha taa mle ndani, watatuona wote. Hata waliojificha vizuri." Akaondoka. Alinyoosha hata mkeka kabla ya kutoka.

Alhamisi sikwenda. Nilimpigia Tumaini nikamdanganya, nikasema ofisi wameniambia nirudi wiki ijayo. Yale malalamiko yakalala kwenye mkoba wangu Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Jumanne, saa nne asubuhi, betri ikalipuka.

Tulipoitwa wilayani baadaye, afisa alikuwa mtu mpole, alitumiminia sote maji ya moto ya kunywa, kama desturi yao. Ou akatoa ile karatasi. Tumaini akaisoma kwa Kiswahili: "Sisi wazazi, kwa hiari yetu wenyewe, tunaomba watoto wetu wasomee chumba cha peke yao, kwa sababu ya tofauti za usafi na tabia." Chini madole yetu, mekundu, mazuri, yamepangwa mstari. Na la kwangu, shahidi na mkalimani. Yule mama aliyepiga vigelegele alianza kulia bila sauti. Tulikuwa tumeomba kutengwa. Kwa maandishi. Nilitaka kusema maneno ya Ou siku ile hayakuwa hayo, nikafungua mdomo, ukatoka upepo.

Na Hamadi alikuwepo, kiti cha mwisho karibu na mlango. Alisikia maneno ya Ou siku ile kwa masikio yake. Sauti yake haikuungua. Afisa aliuliza mara mbili kama kuna mwingine aliyesikia. Hamadi alifunga kifungo cha koti.

Shule ikafungwa. Miezi mitatu baadaye Bwana Peng kafungua nyingine ng'ambo ya barabara, jina jipya, Ou yuleyule. Rukia sasa ana miaka sita. Hakai chumba chenye mlango uliofungwa, hata chooni ananiambia, mama shikilia mlango. Anasomea mezani kwangu, Tumaini anakuja Jumamosi kumfundisha. Wiki iliyopita wakaniletea ujumbe kwamba anakaribishwa shule mpya, kwenye darasa maalumu. Wazazi wengine wameitwa Jumatatu. Na nimesikia mmoja wenu, vijana, amekodiwa kwenda kutafsiri.

Kijana, wewe uliyekodiwa. Sikujui jina, lakini najua unavyojisikia, kwa sababu kiti hicho nilishakikalia. Ukiambiwa tusi, litoe kama lilivyo, na harufu yake. Waache wagombane. Karatasi isiwekwe dole kabla Tumaini hajaisoma. Ukiogopa, sema kwa sauti kwamba unaogopa, kisha tafsiri. Niliyofundishwa na Bi Zuhura yanafaa kwa suruali. Hayafai kwa watoto.

Mimi nimeshajibu. Nimesimama mbele ya Otieno na wazazi wote nikasema nilidanganya mara mbili, mara moja ofisini na mara moja kwenye simu, na mkoba niliwaonyesha. Hawajanisamehe wote, na sijawaomba. Ou sina namna ya kumfikia. Peng ana mawakili. Afisa ana maji ya moto.

Lakini wewe, Hamadi Mrisho, uko mtaa wa pili kutoka kwangu, na Ijumaa baada ya swala wazazi wote watakuwa mgahawani kwa Mama Asha. Njoo usimame mbele yao. Ile karatasi aliiandika nani, na ulipoileta ulijua imeandikwa nini? Na Faisal wako ulimwombea kwa nani asikae nyuma, ukashindwa kuwaombea wale tisa? Jibu kwa Kiswahili, Hamadi. Mkalimani hatakiwi.